Kabla Hujachimba: Mvuke Uliobeba Dhahabu na Alama Ulizoacha kwenye Mawe

Umeokota jiwe shambani. Ni jeupe, gumu, limeshika kutu upande mmoja, na ndani ya kutu kuna kitu kinachometameta. Kama unaishi Geita, Kahama au Chunya, au upande wa Kenya kule Kakamega na Migori, jirani wa kwanza kuliona atakuambia hapo pana dhahabu, na wa pili atakushauri utafute vijana wa kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu. Kabla hujauza ng'ombe kugharimia hilo duara, kaa kidogo tuelezane jinsi dhahabu inavyofika ndani ya jiwe. Ukiijua njia iliyopita utajua pa kuitafuta, na utajua pia mahali pa kuacha kupoteza nguvu zako.

Dhahabu ilikuwa wapi kabla ya kuingia kwenye jiwe lako? Ilikuwa imetapakaa. Mawe ya kawaida karibu yote yana dhahabu, ila ni kidogo mno: tani moja ya jiwe, yaani kilo 1,000, ina miligramu chache tu, na miligramu elfu moja ndizo zinazofanya gramu moja. Hakuna awezaye kuzitoa hizo kwa faida. Hata migodi mikubwa ya shimo la wazi mara nyingi huhitaji nusu gramu hivi au zaidi kwa kila tani. Kwa hiyo lazima kitu fulani kiikusanye dhahabu kutoka miamba mingi, kiibebe, halafu kiimwage mahali pamoja pafinyu. Kitu hicho ni maji ya moto sana ya chini ya ardhi, na mahali pengine ni mvuke wake.

Mvuke unawezaje kubeba metali? Ni haki kushangaa. Ukichemsha maji ya bahari jikoni, mvuke unaondoka na chumvi inabaki sufuriani. Kwa muda mrefu hata wataalamu wengi wa miamba waliamini kuwa chini ya ardhi mambo ni hayohayo: maji ya chumvi ndiyo yabebayo metali, na mvuke hauna kitu. Lakini mvuke wa jikoni ni mwepesi, umetawanyika hewani. Kilomita kadhaa chini, uzito wa miamba unaubana mvuke mpaka unakuwa mzito. Maji safi yakipita nyuzi 374 za Selsiasi, na mgandamizo ukazidi mara 220 hivi ya ule wa hewa tunayoivuta, huwezi tena kusema haya ni maji na huu ni mvuke. Vimekuwa kitu kimoja. Vikibanwa hivyo, chembe za maji huizunguka chembe ya metali na kuishikilia, nayo husafiri.

Metali haisafiri peke yake. Huhitaji mwenzi, na wenzi wakuu ni wawili: klorini, ile iliyomo kwenye chumvi ya kula, na salfa, ambayo gesi yake tunaijua kwa harufu ya yai viza. Risasi, zinki na chuma hushikamana zaidi na klorini, kwa hiyo hubaki kwenye maji mazito ya chumvi. Dhahabu ikipata salfa ya kutosha huweza kupanda na mvuke, na sehemu ya shaba hufuatana nayo, pamoja na aseniki, ambayo ni sumu na ambayo itabidi tuitaje tena tukifika kwenye kuponda mawe. Mwaka 1999 Christoph Heinrich na wenzake wa Zurich, Uswisi, walichapisha vipimo vya viputo vidogo sana vya maji na mvuke vilivyonaswa ndani ya mawe tangu mawe hayo yalipokuwa yakijiunda. Katika viputo vya mvuke walikuta shaba na dhahabu kwa wingi ambao wengi hawakuutarajia.

Zipo volkano zinazofanya kazi hiyo hadi leo. Mlima Erebus kule Antaktika hutoa gesi yenye vipande vidogo mno vya dhahabu. Watafiti walilitangaza hilo mwaka 1991. Katika volkano ya Kudryavy, kwenye visiwa vya Kuril kaskazini mwa Japani, mvuke wa nyuzi mia kadhaa huacha kwenye midomo ya nyufa madini ya reniamu, metali adimu sana. Kisiwani Lihir, Papua New Guinea, kuna mgodi mkubwa wa dhahabu ndani ya volkano iliyolala, na maji ya moto bado yanapanda chini yake. Stuart Simmons na Kevin Brown waliyateka maji hayo kutoka kilomita zaidi ya moja chini, na mwaka 2006 wakaonyesha kuwa yanabeba kilo 24 hivi za dhahabu kila mwaka. Kwa mwendo huo akiba yote ya Lihir ingeweza kujengeka kwa miaka 55,000 hivi, na kwa mtu wa jiolojia huo ni muda mfupi sana.

Sasa swali lenye faida kwako: ni nini hushusha mzigo huo? Maji au mvuke vikiendelea kupanda bila kubadilika, dhahabu nayo itapita tu na kutawanyika tena. Hushuka pale hali inapobadilika ghafla. Maji yanaweza kupoa. Mgandamizo unaweza kupungua yakachemka, salfa ikatoroka kama gesi, na dhahabu ikabaki bila mwenzi wa kuibeba. Au yanaweza kukutana na jiwe lenye chuma kingi, chuma kikainyang'anya dhahabu salfa yake. Yashike hayo matatu, kwa kuwa alama zote utakazozitafuta shambani zimetokana nayo.

Je, kila madini yaliletwa na volkano? Hapana. Shaba ya Chuquicamata na El Teniente kule Chile ilitokana na maji na mvuke uliotoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ulipokuwa ukipoa kilomita chache chini ya volkano. Shaba ya Katanga ni habari nyingine: ililetwa na maji ya chumvi yenye joto dogo zaidi, yaliyopenya kwenye miamba ya mashapo, ile iliyotokana na mchanga na tope la kale. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa nayo ina njia yake. Ni ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na iliyoibeba hasa ni maji yaliyobanwa kilomita nyingi chini, ya nyuzi kati ya 250 na 400 hivi, yakapanda kupitia mipasuko mikubwa ya ardhi. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mlima wa moto. Tafuta mpasuko.

Hata kwenye mipasuko hiyo mvuke ulikuwa na kazi. Mwaka 2013 Dion Weatherley na Richard Henley wa Australia walieleza kwa hesabu kwamba tetemeko linapoufungua ufa, mgandamizo ndani yake huanguka mara moja, maji hugeuka mvuke kufumba na kufumbua, na yale yaliyokuwa yameyeyuka ndani yake hubaki kwenye kuta za ufa. Kisha ufa hujifunga, mgandamizo hupanda, na tetemeko jingine huja. Mkanda mmoja, yaani ufa uliojazwa mawe hayo, unaweza kuwa umejengwa na matetemeko mengi sana. Ndiyo maana ukiupasua mkanda mzuri mara nyingi unaona tabaka juu ya tabaka, nyeupe na nyeusi zikipishana.

Basi nitazame nini shambani? Anza na lile jiwe jeupe gumu, linaloitwa kwatsi. Kwatsi ndiyo sehemu kubwa ya kile ambacho maji ya moto yaliacha kwenye ufa, na mikanda ya mgodi wa Bulyanhulu ni ya namna hiyo. Lakini kwatsi tupu, nyeupe kama maziwa, isiyo na doa, mara nyingi haina kitu. Inayostahili muda wako ni ile iliyovunjikavunjika ikaungana tena, yenye mistari ya kijivu au nyeusi, yenye kutu ya kahawia na vishimo vya pembe nne. Vishimo hivyo ni mahali palipokaa pairaiti, madini ya chuma na salfa. Mvua na hewa viliyaozesha yakaacha kutu. Kutu hiyo inakueleza kwamba salfa ilipita hapo, na salfa ndiyo mwenzi wa dhahabu.

Halafu litazame jiwe la pembeni, si la mkanda peke yake. Maji ya moto hayapiti bila kulibadilisha jiwe linaloyazunguka. Utakuta kuta za mkanda zimepauka, zimelainika, zina ulanga mweupe laini unaoteleza kidoleni, ilhali mita chache tu mbali jiwe lilelile ni la kijani kibichi na gumu. Jiwe lililobadilika namna hiyo kwa upana mkubwa linaonyesha maji mengi yalipita. Kama mkanda una kuta safi zisizobadilika kabisa, mimi ningekuwa na mashaka nao.

Geita kuna alama nyingine. Sehemu kubwa ya dhahabu ya huko imo kwenye miamba ya chuma yenye mistari, myekundu na myeusi, mizito mkononi. Hapo ndipo maji yenye dhahabu yalipokutana na chuma kingi, salfa ikashika chuma, dhahabu ikashuka. Chukua sumaku, hata ya spika iliyoharibika, uipitishe kwenye jiwe lililopasuliwa sasa hivi. Mistari myeusi mizima huivuta sumaku kwa nguvu. Pale salfa ilipoingia, uvutano hupungua na badala yake unaona chembe za manjano za pairaiti. Ukikuta mpaka huo, chukua sampuli hapohapo. Tahadhari moja: jiwe lililooza kwa jua na mvua nalo hupoteza uvutano, kwa hiyo kipimo hiki ni cha jiwe bichi la ndani, si la juu.

Na chemchemi ya maji moto, je? Peke yake si dalili ya dhahabu. Chemchemi za Songwe huacha mawe ya chokaa, na mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Joto lipo na njia ipo, lakini dhahabu huhitaji pia chanzo, salfa ya kutosha na mahali pa kushushwa. Usichimbe kando ya chemchemi ya moto. Ardhi ya hapo inaweza kuwa ganda jembamba juu ya maji yanayochoma, na kaboni dioksidi, gesi isiyo na harufu, hujaa shimoni na kuua kabla mtu hajaomba msaada.

Kitu kinachometameta kwenye jiwe lako kipime kwa nyundo kabla ya kufurahi. Weka punje juu ya chuma, igonge taratibu. Dhahabu hubonyea na kutandazika. Pairaiti husagika kuwa unga mweusi. Ulanga huchanika vipande vyembamba na kupeperuka ukiupuliza. Unaweza pia kuisugua punje kwenye mgongo wa kigae cha sakafuni, upande usiong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Vipimo hivi havigharimu kitu.

Hatua inayofuata ni karai. Chukua kilo 2 au 3 za mawe, uyaponde kwenye kinu cha chuma mpaka yawe laini, uyachekeche, uyaoshe kwenye karai majini. Dhahabu ina uzito mara 7 hivi ya kwatsi ya ukubwa uleule, kwa hiyo hubaki chini wakati mchanga unapotoka. Gharama yake ni karai, kinu cha kuazima na jasho. Ila ponda mawe yakiwa yameloa maji. Vumbi la kwatsi huingia mapafuni na halitoki. Husababisha ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya, na humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Kitambaa au kanga usoni haizuii vumbi hilo. Kinachozuia ni maji. Na kama jiwe ukiligonga linatoa harufu ya kitunguu saumu, hiyo ni ile aseniki niliyokutajia. Usilichome motoni kwa sababu yoyote, na usiponde jiwe hilo karibu na kisima au jiko.

Karai ikionyesha mkia wa dhahabu, usichimbe bado. Nenda maabara, na hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya wenyewe, kwa kuchagua mawe yanayong'aa na kuyapeleka hayo. Sampuli ya kweli hukatwa kukatiza mkanda, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kwa mfereji mwembamba wenye kina sawa. Mkanda uwe kwenye mfuko wake, kila ukuta mfuko wake. Kilo 2 au 3 kwa kila sampuli zinatosha. Tumia viroba vidogo vipya, visivyowahi kuwekwa mawe mengine, andika namba ndani na nje, na kwenye daftari andika mahali, kina na upana wa mkanda kwa sentimita. Chukua sampuli mahali kadhaa kuufuata mkanda, kwa sababu dhahabu haikai sawasawa: mita moja inaweza kuwa tajiri na inayofuata tupu. Sampuli moja nzuri haithibitishi kitu.

Nipeleke wapi? Tanzania kuna maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, iliyoko Dodoma, na kuna maabara binafsi Mwanza. Hutoza kwa kila sampuli na kwa kila metali unayotaka ipimwe. Kama unatafuta dhahabu, omba dhahabu peke yake, kwa njia ya kuyeyusha kwa moto. Usilipie orodha ndefu ya metali usizozihitaji. Omba bei kwa maandishi kabla ya kukabidhi mifuko, na risiti yenye namba zako zilezile. Majibu huandikwa kwa gramu kwa tani. Ukiona yameandikwa sehemu kwa milioni, usichanganyikiwe: sehemu moja kwa milioni ni gramu moja kwa tani.

Tuseme jibu ni gramu 10 kwa tani. Ni nyingi, na ukilionyesha jibu hilo wenye fedha watakuja. Lakini kamata kalamu. Mkanda wako una upana wa sentimita 30, na mtu hawezi kufanya kazi kwenye nafasi hiyo. Atachimba mita moja. Sentimita 70 zilizobaki ni mawe matupu yanayochanganyika na mbale, yaani jiwe lenye dhahabu. Kwa hiyo kinachofika kwenye karasha, yaani mashine ya kuponda mawe, si gramu 10, ni gramu 3 kwa tani. Njia ya karai na zebaki mara nyingi haitoi hata nusu ya dhahabu iliyomo. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Una gramu moja na nusu au pungufu. Ukiuza kwenye soko la madini, kiwango cha kawaida tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 ni mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Uliza pale sokoni kama kinapunguzwa kwa anayewauzia wasafishaji wa ndani. Kisha toa dizeli, kukodi karasha, matimba ya kuzuia duara lisibomoke, chakula cha vijana na mgao wao. Kinachobaki ndicho cha kulinganishwa na bei ya ng'ombe wako. Fanya hesabu hii ukiwa na mwenzi wako wa nyumbani, kwa utulivu, kabla dalali hajafika.

Ikilipa, leseni ndiyo inayofuata, wala siyo baada ya kuanza. Tanzania, madini yaliyo chini ya shamba lako ni mali ya taifa hata kama ardhi ya juu unaimiliki wewe. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania, hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Nenda na vipimo vya eneo lako kwenye ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa, uulize kama eneo liko wazi au tayari lina leseni ya mtu mwingine. Kama lina mwenyewe, bado una haki: hawezi kuingia kuchimba shambani mwako bila kukubaliana nawe na kukulipa fidia. Ada ya maombi na tozo ya mwaka inayotegemea ukubwa wa eneo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu mkononi, hata akiwa na kitambulisho. Kenya utaratibu uko chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na kibali cha mchimbaji mdogo huombwa kupitia ofisi ya madini ya kaunti.

Limebaki jambo moja, nalo ni la mvuke vilevile. Zebaki hushika dhahabu kwenye karai, na ukiichoma huondoka ikaiacha dhahabu. Haikupotea. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo moto wa mkaa hulifikia kwa urahisi, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, mwingine hunasa kwenye kuta, paa na nguo, na huendelea kutoka humo siku nyingi baadaye. Huharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Kwa hiyo usichome ndani ya nyumba, wala jikoni, wala wajawazito na watoto wakiwa karibu. Tumia ritoti, yaani chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke unapoa ndani ya bomba, zebaki inarudi kuwa kimiminika unachoweza kukitumia tena. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa mabomba mapya ya chuma, na zebaki unayoiokoa ni fedha ambayo hutaitumia tena kununua nyingine. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano Lwamgasa mkoani Geita, Katente wilayani Bukombe, na Itumbi wilayani Chunya, ambako dhahabu huchenjuliwa bila zebaki. Nenda na mmoja wa wenzako wa duara, muuone mtambo ukifanya kazi, muulize bei ya kuchenjua kwa tani, na muulize wanahitaji tani ngapi ndipo wawapangie zamu.